Breki za Mama Mkwe

Mguu wa Riungu ulikuwa bado sakafuni, msomaji, hapo hapo tulipouacha wiki jana. Pedali ya breki ilikuwa imezama chini ya kiatu chake kama mtu aliyekanyaga uji. Na langoni mwa gereji alikuwa amesimama mama mkwe wake, Celina, Biblia kwapani, akiona kila kitu.

Hata mimi ninayeandika sijui ni lipi lililomtisha zaidi.

Breki za mbele za pikapu ile alikuwa amezibadilisha yeye mwenyewe jana yake. Kalipa zote mbili, vile vyuma vinavyobana gurudumu lisimame, pedi zake, na mafuta mapya. Sasa zilikuwa laini kuliko zile kuukuu alizozitoa. Hilo la kwanza. La pili, kiti alichokuwa amekalia kilikuwa kiti cha Celina, na Celina alikuwa ametoka kanisani mapema.

Kama wiki jana gazeti lilikupita, shika haya upesi. Riungu ni fundi wa magari pale Makutano, Meru mjini. Mkewe, Rwamba, ni binti wa Kiritiri, kule Mbeere. Baba yake Rwamba, mzee Njoka, amelazwa hospitalini Embu na kesho asubuhi anapasuliwa tumbo. Mzee amegoma. Amesema haingii chumba cha upasuaji kabla hajampakata mjukuu wake Kiende, ambaye hajamwona tangu azaliwe. Kwa hiyo Celina alishika usukani wa pikapu ya mumewe akapanda Meru kuwachukua mama na mtoto. Breki zikaanza kulia njiani, na gari likaishia mikononi mwa mkwe wake.

Na ninyi mnaosoma mkiwa miji ya mbali, ambako watu hukumbatiana na wakwe zao, niwaeleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa lolote. Kwa watu wa namna ya Celina kuna nthoni, ile heshima ya ukwe inayokaribia aibu. Mkwe wa kiume hakalii kiti cha mama mkwe. Hali naye. Hamtazami usoni wala hamsemeshi. Akitaka kupitishiwa chumvi, ombi linapitia kwa mtu wa tatu. Wako waliookoka wakayaacha hayo. Celina naye ameokoka, lakini nthoni hakuiacha. Tangu Riungu amwoe Rwamba, hawajawahi kupeana hata salamu.

Basi mwone huyo kijana wetu, amekalia kiti chenyewe, na mwenye kiti yuko langoni.

Riungu alijivuta mpaka upande wa abiria, akafungua mlango wa mbali, akatoka kinyumenyume na kugonga kisogo kwenye paa. Celina aligeuza uso akaangalia ukuta. Nyuma yake alikuwa Rwamba, Kiende mgongoni, na kikapu cha safari tayari mkononi.

"Rwamba," Celina akauambia ukuta, "mwambie Baba Kiende tunataka kutoka. Mzee anangoja."

"Baba Kiende, mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie bado. Hiyo breki inaenda mpaka chini."

"Mama, breki inaenda mpaka chini."

"Si alibadilisha jana?"

"Anauliza si ulibadilisha jana."

"Nilibadilisha!" Riungu alisema, jasho likimtoka. "Lakini imeshika upepo ndani. Lazima nitoe. Nataka tu mtu wa kukaa pale juu anikanyagie."

"Bundi ako wapi?" Rwamba akauliza habari za kijana anayemsaidia gerejini.

"Bundi ameenda kupeleka dadake shule ya bweni. Na leo ni Jumapili, mtu wa kuazima hakuna."

"Wacha nikanyage mimi," Rwamba akasema, akaanza kulegeza khanga iliyomfunga mtoto.

Kiende alipiga yowe. Celina akatembea mpaka kwenye gari, akafungua mlango, akaingia, akakaa, akavuta sketi yake ya kanisani ifunike magoti.

"Njoka alinipa hii funguo kwa mkono yake," alisema. "Aliniambia nisiachie mtu. Mimi ndio naendesha, na mimi ndio nitakanyaga."

Riungu alitaka kucheka, akataka kulia, akachukua spana na kuingia uvunguni.

Ndugu msomaji, kama hujawahi kutoa upepo kwenye breki, kazi yenyewe ni ya watu wawili wanaosikilizana. Breki husukumwa na mafuta. Ukifungua vyuma, upepo huingia, na upepo ukiwa ndani mguu wako hubana huo upepo na gurudumu halina habari. Kwa hiyo mmoja hukaa juu na kukanyaga pedali. Mwingine hulala chini, hufungua nati ndogo ya kutolea upepo, upepo ukatoka na mafuta, kisha huifunga kabla mguu haujaachilia. Akichelewa tu, upepo uliotoka unarudi ndani kwa nguvu. Ndiyo maana aliye chini huamuru kama sajini. Kanyaga! Shikilia! Achilia!

Sasa nitajieni sajini anayekatazwa kumsemesha kuruta wake.

"Rwamba," Riungu aliita kutoka chini, "mwambie mama... mwambie kama hataona vibaya, akanyage."

"Mama, Baba Kiende anauliza kama unaweza kukanyaga."

"Mwambie nimekanyaga."

"Anasema amekanyaga."

Riungu alifungua nati. Mafuta yakatoka na mapovu, psss, ndani ya chupa ya soda.

"Ashikilie!"

"Mama, ushikilie."

"Nishikilie nini? Mimi nilishaachilia."

Upepo ukarudi wote. Riungu alifunga macho. Uvunguni pale alikuwa na neno moja tu la kusema, neno fupi ambalo alilitamka kila siku ya kazi kwa Bundi, na likamkwama kooni kana kwamba ni tusi. Unamwambiaje mama aliyemzaa mkeo, "Kanyaga"? Unamwambiaje, "Achilia"?

"Tuanze tena," alisema kinyonge.

Wakaanza tena, wakarudia, wakarudia tena. Rwamba alitembea kutoka mlangoni hadi uvunguni, akiinama na kuinuka na mtoto mgongoni, akibeba maneno. Na kila neno alilobeba alilipamba njiani. Riungu akisema "sasa," Rwamba anasema, "Mama, anasema sasa, ukiwa tayari." Ukiwa tayari! Kufikia hapo breki ishavuta upepo mwingine.

Jambo moja pekee lilimfurahisha Riungu siku hiyo, nami naliandika hapa ili baadaye usiseme sikukuambia. Zile nati za kutolea upepo, ambazo kwa kawaida humtesa fundi kwa kujificha juu huko nyuma ya gurudumu, leo zilikuwa zimemwelekea usoni. Alizifikia vizuri akiwa amelala chali. Akamshukuru Mungu kwa wepesi huo mdogo, wala hakujiuliza umetoka wapi.

Mwishowe mapovu yakaisha. Mafuta yakatoka safi. Akatoka uvunguni mbio, akijipangusa.

"Mwambie ajaribu."

Celina alikanyaga. Pedali ikaenda chini. Sakafuni.

"Haijapona," Rwamba akasema kwa sauti ndogo, bila kutumwa na mtu.

Riungu aliishiwa. Labda ni masta, ile pampu ya breki iliyo chini ya boneti. Labda ni bomba limepasuka mahali. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa, na aliyekuwa na vyombo vya kupimia alikuwa kwao akila chakula cha Jumapili. Alizunguka gari. Akapapasa kila bomba. Hapakuwa na tone lililovuja.

Ndipo Celina akakanyaga tena. Akaachilia, akakanyaga upesi, akaachilia, akakanyaga. Pedali ikaanza kupanda. Ikapanda, ikawa ngumu.

"Eee!" Celina alisema. "Imeshika."

"Hapana!" Riungu alipiga kelele, kisha akakumbuka, akamgeukia mkewe. "Mwambie hapana. Hiyo ni kupampu. Breki nzuri haipampiwi, inashika mara moja. Hiyo inamdanganya."

"Mama, anasema inakudanganya."

"Mwambie gari zote za Kiritiri zinapampiwa. Njoka amepampu hii miaka na miaka, na mchanga ikiwa imejaa nyuma. Mwambie asante kwa kazi. Ingia, Rwamba."

"Rwamba, usiingie!"

Rwamba alisimama katikati yao. Hapo ndipo mahali alipokuwa amesimama tangu aolewe, na siku hiyo palimwuma.

"Pandeni matatu basi," Riungu akasihi.

"Matatu gani?" Rwamba akamgeukia. "Wewe hujaona steji? Watoto wa shule wamejaa na masanduku mpaka juu ya keria. Tumetoka hapo saa hii. Hakuna gari ya Embu iko na nafasi, hata ya kusimama."

"Kesho, asubuhi na mapema."

"Kesho asubuhi baba anakatwa." Machozi yalikuwa yamemjaa. "Kama anakatwa na asiamke? Nitamwambia nini Kiende? Kwamba tulikuwa tunangojea breki?"

Riungu alifanya jambo la mwisho alilolijua.

Akaenda akasimama mbele ya gari, mikono kiunoni. Celina hakupiga honi wala hakumfokea. Alichukua leso yake akajifunika uso, akatulia hivyo nyuma ya usukani, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Majirani walikuwa wameanza kuchungulia.

"Unamwaibisha mama yangu," Rwamba akanong'ona. "Tafadhali. Toka."

Akatoka. Msomaji, usimlaumu haraka. Kumzuia mama mkwe njiani mbele ya watu ni jambo ambalo lingezungumzwa Kiritiri mpaka Kiende aolewe.

"Basi mimi naenda na nyinyi," alisema. "Nitakaa nyuma."

Kiti cha mbele kilikuwa kipana, watu watatu wangetosha. Lakini bega la mkwe kugusana na bega la mama mkwe mpaka Embu? Hata kuwaza hawakuwaza. Riungu alichukua spana yake, akaitia mfukoni, akapanda nyuma kwenye bodi.

"Rwamba," Celina aliita kabla ya kutia gia, "na vyuma vyangu vya zamani?"

Mnajua tabia hiyo. Mteja wa huku kwetu haachi chuma chake kwa fundi. Ukimbadilishia kitu, lazima umrudishie kile kibovu, akione, akibebe nyumbani, akitupe chini ya kitanda, mradi tu kisije kikauzwa kwa mtu mwingine. Riungu aliruka chini, akaokota kalipa mbili kuukuu, akazitia kwenye gunia, akalitupa nyuma na kulikalia.

Celina akainua mkono akakipindua kile kioo cha ndani, kikaangalia paa. Hakutaka uso wa mkwe wake uwe mbele ya macho yake njia nzima. Pikapu ikatoka Makutano.

Mpaka Nkubu, Riungu alikuwa akisali. Kila kona alishika ukingo wa bodi kwa mikono miwili. Lakini Nkubu palikuwa na ng'ombe barabarani, na Celina alipampu, na gari likasimama. Kabisa. Rwamba akatoa kichwa dirishani, uso umechangamka.

"Mama anasema breki ni nzuri sana. Anasema asante."

Na huyu kijana wetu, badala ya kuruka chini na kulala mbele ya magurudumu, alitabasamu. Sifa ya kwanza kutoka kwa mama mkwe! Alikaa juu ya gunia lake akajisikia mtu. Nimekasirika naye tangu nilipoanza kuandika sehemu hii, lakini hapo ndipo nilipokasirika zaidi.

Barabara ya lami ya kwenda Embu ilikuwa bado mpya miaka hiyo, nyeusi na laini, na watu walikuwa hawajazoea jinsi inavyokuachia gari likimbie. Wakapita Igoji. Manyunyu yakaanza. Matuta ya chai na migomba yakapita pande zote mbili. Riungu alichoshwa na vyuma vilivyomchoma matakoni, akasimama, akavuta gunia alisogeze. Kalipa moja ikatoka ikaanguka miguuni pake.

Akaiokota. Ilikuwa ya kulia. Alama ya rangi nyekundu aliyoipaka kabla ya kuifungua ilikuwa bado ipo. Akaishika kama inavyokaa garini, bila kufikiria, jinsi mtu anavyoshika kikombe kwa mkono wake.

Nati ya kutolea upepo ilikuwa juu.

Akaitazama. Akatoa ya pili, ya kushoto, akaishika inavyokaa. Nati juu.

"Ngai, Mungu wangu," alisema.

Upepo hukaa juu, msomaji. Hata mtoto anayeoga mtoni anajua mapovu huenda wapi. Nati ya kuutolea lazima iwe juu kabisa, la sivyo utatoa mafuta mchana kutwa na upepo ubaki umejikalia huko ndani. Na leo uvunguni, zile nati zilizokuwa zikimwangalia usoni vizuri, akafurahi na kumshukuru Mungu! Zilikuwa zimeelekea chini. Alikuwa amefunga kalipa ya kulia kushoto, na ya kushoto kulia.

Akakumbuka ilivyokuwa. Jana mchana alikuwa amechuchumaa upande wa kulia, kalipa ya kulia mkononi, tayari kuifunga. Kivuli cha ukuta kikasogea, na Celina akasogeza kigoda chake kufuata kivuli, akaja kukaa hapo hapo karibu naye. Riungu akainamisha uso, akainuka, akakimbilia upande wa pili wa gari na kile alichokuwa nacho mkononi. Heshima tu. Akafunga hicho hicho upande huo, na kilichobaki akakifunga upande mwingine baada ya Celina kwenda kunywa chai. Vyuma vinafanana. Vilikubali.

Na dawa yake ilikuwa ndogo, jamani, ndogo ya kuliza. Kuzifungua kalipa, kuzigeuza mkononi mpaka nati iwe juu, kubana kipande cha mti katikati ya pedi, na kutoa upepo. Spana ilikuwa mfukoni mwake. Kipande cha mti kilikuwa hapo miguuni. Kila kitu alikuwa nacho isipokuwa gari lililosimama.

Akapiga kioo cha nyuma kwa ngumi.

Rwamba aligeuka. Riungu alipaza sauti, lakini upepo uliichukua. Akainua kalipa, akaionyesha, akaigeuza juu chini, akapunga mikono. Rwamba alimtazama kama mtu anayetazama kichaa sokoni, kisha akaona macho yake, na uso wake ukabadilika.

"Mama, Baba Kiende anasema tusimame."

"Anataka kujisaidia?"

"Sijui, mama. Amepata kitu. Anaogopa. Simama, tafadhali."

Na Celina, ambaye pengine mmeanza kumchukia, alisema, "Haya. Nasimama." Bila ubishi wowote. Namwandikia haki yake.

Lakini walikuwa wameshapita Marima. Mteremko wa kushuka mto Nithi ulikuwa umeanza.

Celina akapampu. Pedali ikapanda, gari likapunguza kidogo. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Breki za nyuma zilikuwa zimechoka siku nyingi, na zile za mbele, kwa kupampiwa tangu Meru, zilikuwa zimewaka moto. Mafuta ya breki yakianza kuchemka, huzaa upepo mwingine juu ya ule uliokuwamo. Hapo hata kupampu hakusaidii.

Kisha Celina akafanya alichofundishwa na mumewe siku zote: ukiona mteremko, toa gia, weka fri, okoa petroli. Mkono wake ulienda wenyewe.

Kule nyuma Riungu alisikia injini ikinyamaza.

Hakuna sauti iliyowahi kumtisha vile. Manyunyu yalikuwa yakigonga paa, magurudumu yakivuma kwenye lami iliyolowa, na injini imetulia kama inalala. Alijua maana yake. Gari lilikuwa limeachiliwa.

"Gia!" akapiga kioo. "Rwamba, mwambie arudishe gia!"

"Mama, rudisha gia!"

Celina alisukuma. Gia ikalia krrrr, ikakataa. Akasukuma tena. Ikakataa. Mwendo ulikuwa umeshapita kiasi.

"Hendibreki!"

Rwamba aliivuta kwa mkono mmoja, mwingine umemkumbatia Kiende. Ikaja juu nyepesi, haikushika kitu. Waya wake ulikuwa umelegea tangu Njoka alipokuwa mzima.

Kona ya kwanza waliichukua upande usio wao. Kona ya pili, gunia likateleza likagonga ubavu wa bodi, na Riungu nusura alifuate. Chini kabisa akaliona daraja, jembamba, na bonde likiwa limefunguka pande zote mbili. Na kwenye daraja, likija juu polepole, basi limejaa masanduku ya bati ya watoto wa shule mpaka juu ya keria.

Riungu alipanda juu ya ukingo wa bodi. Akashika paa kwa mkono mmoja, akajinyoosha nje mpaka kichwa kikafika kwenye dirisha la dereva. Dirisha lilikuwa wazi. Uso wake ukawa karibu kabisa na uso wa mama mkwe wake, karibu kuliko alivyowahi kuwa naye.

Na Celina, kwa mazoea ya maisha yake yote, akageuza uso. Akaangalia pembeni. Akaangalia kiti, akaangalia mlango, akaacha barabara.

"Mama!" Riungu alipiga kelele. "Mama, angalia mbele!"

Neno hilo halikupitia kwa Rwamba. Halikupitia kwa mtu.

Celina alishtuka kama aliyepigwa kofi. Akageuka mbele, akazungusha usukani, na ukuta wa mawe wa kona ile ukawapita hivi.

"Kanyaga!" Riungu alipaza sauti, na lile neno lililomkwama kooni mchana kutwa likatoka, nayo mengine yakafuata. "Achilia! Kanyaga! Tena, mama! Kanyaga! Shikilia! Shikilia hapo hapo, usiachilie!"

Aliyasema yote kama sajini, kama alivyostahili kuyasema gerejini, gari likiwa limesimama juu ya jeki na mtoto akilia tu kwa njaa. Machozi yalimtoka yakapeperushwa. Na Celina alimtii. Kila alichosema, mguu wake ulifanya hapo hapo, bila kuchelewa, bila mtu katikati. Nati zingekuwa juu, wangeweza kutoa upepo wote wa breki zile kwa muda wa kunywa chai.

Basi lilikuwa limefika katikati ya daraja. Dereva wake alikuwa anawasha na kuzima taa.

Celina aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu Riungu aingie nyumbani mwake, alimtazama machoni, na macho yake hayakuwa na hasira wala aibu. Alikuwa mama mzee aliyeogopa.

"Nimekanyaga, mtoto wangu," alisema. "Hakuna kitu."